Kumbukumbu ya Mzee Angelo Drani, Aliyejenga Kisiwani

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu tulipokupumzisha kijijini Dadamu, karibu na mama yako. Maseremala wenzako wa Ediofe ndio waliokutengenezea sanduku, wakabishana juu ya kila kiungo kwa sababu walijua ungekagua.

Tunakushukuru kwa mengi. Kwa penseli iliyokaa sikioni hata kanisani. Kwa kutusomesha sisi watatu kwa randa na msumeno. Kwa kukataa mteja akalie kiti chako kabla hujakikalia wewe kwanza. Lakini leo tunataka kukushukuru kwa kile kisiwa, maana wengi waliofika matangani bado wanakisimulia nusu nusu.

Ulikwenda Rhino Camp kupachika milango ya shule, wavuvi wakakuvusha mkale samaki kwenye kisiwa kidogo cha Mto Nile, ambacho mtu hukizunguka kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Ulirudi nyumbani Arua umetekwa moyo kabisa na kisiwa hicho. Ulikuwa ukipiga randa huku ukitabasamu peke yako. Mwezi uliofuata uliomba kiwanja kwa wenyeji, ukaanza kuvusha mbao na mabati kwa mtumbwi ili upate mahali pa kupumzikia.

Kosa lako lilikuwa kutomwambia Mama. Ulitaka kumshangaza. Kwetu nyumba ni ya mke. Mwanamume akijenga nyingine, watu hawaulizi ina vyumba vingapi, wanauliza jina la bibi arusi. Habari zilifika sokoni mapema.

"Drani iko najenga kule majini," jirani alimwambia Mama. "Sasa bibi ya hiyo nyumba iko wapi?"

Mama Driwaru hakupiga kelele. Alifunga virago akaenda Koboko kwa dada yake Kadijah, akakaa wiki tatu akilia na kupepeta ufuta. Ndoa ya miaka thelathini na mmoja aliiona imekwisha. Ulimfuata na maneno machache, kama kawaida yako. "Kuja uone wewe mwenyewe."

Alivuka ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, bila kukutazama. Alipofika alifanya upekuzi ambao polisi wangeuonea wivu. Alipekua chini ya kitanda, akanusa chandarua, akatafuta kitenge asichokijua. Mwishowe akatoka nje kutafuta mafiga, maana mwanamke mwingine angekuwa ameshaweka yake. Hayakuwapo. Chini ya kibanda cha jiko palikuwa na mchanga mtupu.

"Nani napika hapa?"

"Hakuna mutu. Wavuvi nanipa samaki imeiva. Mafiga nilingoja wewe uweke."

Mama alicheka hadi akakaa chini, akalia tena kidogo, kisha akamtuma mvuvi ng'ambo alete mawe matatu.

Tulikaa huko likizo sita. Ndiko tulikoona kwa mara ya kwanza mikono yako imetulia, hutengenezi chochote, unatazama mto tu huku wajukuu wakikupanda mgongoni. Asante kwa siku hizo, Baba. Tulikuwa tumekuzoea kama mtu wa kazi. Kule ulikuwa wetu kabisa, na tulifurahi mno.

Baada ya matanga, baba mdogo Andama alishauri, kwa nia njema, ile nyumba ibomolewe na mabati yaletwe Dadamu, maana mwenye nyumba amekufa. Wazee wakakubali kwa vichwa. Mama akainuka.

"Mwenye nyumba hakufa," alisema. "Mwenye nyumba ni mimi."

Tunaokukumbuka ni mkeo Driwaru, anayevuka kwenda kisiwani wiki ijayo na wajukuu wote. Watoto wako Helen, Ivan na Lillian. Shemeji yako Kadijah wa Koboko. Na mdogo wako Andama, ambaye ameshasamehewa na amealikwa. Kukusahau hatuwezi, Baba, kamwe.