Nta ya Rungwa

Jumatano, 9 Julai
Upepo tangu alfajiri. Vumbi la Mandewa, hapa Singida, limeingia mpaka kwenye chai. Tumeosha gari nne, tatu zimechafuka kabla hazijatoka getini. Nimepiga ndoo teke, imepasuka. Shemeji Daudi kaokota vipande, kanyamaza. Ukimya wake unanikera. Kuna siku nitampasua na yeye.

Kesho inaingia gari nyeusi ya Mzee Kinu, mwenye kinu cha alizeti. Binti yake anaolewa Jumamosi. Anataka bodi ing'ae mpaka bibi harusi ajione. Tukiipatia, kasema malori yake yote yatakuwa yanaoshwa kwetu. Tukiiharibu, tufunge banda.

Alhamisi, 10 Julai
Waksi ya dukani imekwisha. Daudi kaja na ya kwake. Nta ya nyuki kutoka Rungwa kwa mjomba wake, imeyeyushwa na tapentaini. Nimemwambia hiyo ni dawa ya viatu. Kanijibu polepole kwamba bodi ya gari haijui kusoma kopo. Akinyamaza ananikera, akijibu ananikera zaidi. Miaka sita sasa tangu amuoe dada Rehema.

Tumeosha. Nimepiga kompaundi ya kusugulia rangi kwa mashine, bodi nzima. Mikono inawasha.

Ijumaa, 11 Julai
Glezi asubuhi. Kazi ninayoipenda kuliko zote. Inaingia kwenye mikwaruzo midogo, inaijaza, weusi unakuwa mzito. Kisha nta juu yake. Daudi anapaka, mimi nafuta. Ndivyo tulivyogawana siku zote.

Tulifunga banda kwa turubai kuzuia upepo. Giza giza humo ndani. Mara moja turubai likaruka, likanipiga usoni, nikaangusha kitambaa. Nimetukana matusi ya kutosha wiki nzima. Nikakikung'uta, nikaendelea.

Tumemaliza saa kumi na moja. Inang'aa. Humo humo gizani nimeona meno yangu kwenye boneti.

Jumamosi, 12 Julai
Naandika ili nisivunje kitu kingine.

Saa mbili tumeitoa gari juani. Boneti na paa lote limejaa mikwaruzo ya duara. Ukipitisha kucha, inakwama. Hiyo glezi haiizibi. Hapo ni rangi upya.

Mzee Kinu akafika na madereva wake wawili. Daudi akasema shikamoo. Hakuitikiwa. Mzee akauliza mara moja tu, nani kafanya hivi. Nikanyoosha kidole. Nikasema nta yake ya porini ina mchanga.

Kofi likamtoa kofia. Halafu madereva wakamshukia kwa mkanda wa feni, mgongoni, shingoni, popote. Daudi hakujitetea. Hata neno. Ukimya ule ule! Ukanipandisha wazimu, nikaingia na mimi. Nilimpiga ngumi ya mdomo. Akaanguka. Nikamkanyaga mkono, wa kulia. Nilisikia mfupa ukivunjika na nilisikia raha. Nasema hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Rehema kampeleka hospitali kwa bodaboda. Bibi harusi kaenda kanisani na gari ya kuazima.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda ibadani. Rehema kasimama dirishani, hakutaka kuingia. "Ile nta niliichuja mimi, Elia. Kwa kanga yangu. Mara tatu."

Nimemwambia aondoke. Alipoondoka nimepiga kikombe ukutani.

Jumatatu, 14 Julai
Nimekwenda bandani kutafuta ushahidi. Nta iliyobaki nimeiyeyusha, nikaichuja kwenye kitambaa cheupe. Nilitaka mchanga. Nilitaka niubebe kiganjani, nimpake Rehema usoni. Hakuna. Nimeyeyusha tena. Hakuna. Nimeisaga kwa meno. Laini tupu.

Basi nikasema nifue vitambaa, angalau nifanye kitu. Nilipofika kwenye changu cha kufutia, chenye pindo jekundu, kitu kikanichoma kidole. Punje za mchanga mkali, mweupe, wa mawe haya haya ya Singida. Zimejikita kwenye nyuzi.

Ijumaa. Turubai. Kitambaa chini.

Kitambaa kikigusa ardhi hakirudi kwenye gari. Ndiyo sheria ya kwanza tuliyo nayo, na mimi ndiye niliyemfundisha Daudi, siku yake ya kwanza, kwa kumfokea.

Nimepiga ukuta ngumi mpaka vidole vikatoka damu. Haikusaidia. Mnyama mimi.

Jumatano, 16 Julai
Nilianza kwa Mzee Kinu, kinuni. Nikamwamkia, nikamwambia ukweli mbele ya wapakiaji wake. Aliinua kidevu tu. Madereva walewale, mkanda uleule. Nimepoteza jino. Ubavu wa kushoto unachoma nikivuta pumzi. Sikujikinga. Nilikuwa nahesabu mapigo, nione kama yatafika aliyopigwa Daudi. Hayakufika.

Kwa Daudi sijathubutu. Kupigwa ni rahisi.

Ijumaa, 18 Julai
Upepo umetulia.

Nimekwenda. Rehema kafungua mlango, hakunisalimu, lakini hakuufunga. Daudi kakaa mezani, plasta mpaka kwenye kiwiko, mdomo bado umevimba. Nikaweka kitambaa mbele yake, nikamwonyesha punje. Nikasema shemeji, ilikuwa mimi.

"Najua, shemeji. Nilikuona unakikung'uta."

Nikamuuliza kwa nini hakunizuia palepale. Safari hii ukimya wake haukunikera, uliniogopesha.

"Nilifungua mdomo," akasema. "Nikakumbuka ndoo."

Rehema akaleta uji. Daudi akajaribu kwa mkono wa kushoto, kikombe kikayumba, uji ukamwagika mezani. Nikasimama nifute. Rehema akanirushia kitambaa, nikakikosa, kikaanguka sakafuni.

Nikaomba kingine.