Kila Mtaalamu na Kiini Chake

Mdogo wangu Zuhura, salamu nyingi za mapenzi kwako na kwa mwanao Salma.

Ungemwona Rukia wangu hapa Kilifi, kwenye kituo chao cha utafiti! Koti jeupe, na bawabu husimama akipita. Nimemzaa mimi huyo, kumbuka.

Jana wenzake walikuja kula samaki wa kupaka niliopika mimi, wakalamba vidole. Nikawauliza kiini cha kifafa cha Salma ni nini. Wakachangamka! Mmoja hutoboa matumbawe. Kiini chake ni kipande kirefu anachokitoa katikati ya jiwe. Wa pili husoma nyota kwa darubini. Kiini chake ni moto wa ndani kabisa. Cha Rukia kimo katika chembe ya mwili wa mbu. Nikasema, "Bibi yetu alikuwa na neno hilo kabla yenu, akipasua mayai na kuchagua boriti ya kiini cha mti. Haya, cha Salma anacho nani?"

Rukia akanishika mkono. "Mama, hapa hakuna. Mimi ni daktari wa mbu."

Yule kuku uliyenipa nimtangulizie Rukia, kama ada ya mganga, ili ashike tiba, amekataa kumchinja. "Nikimla, mama, nitakuwa nimekubali mgonjwa."

Nililia, Zuhura, mbele ya wasomi wote wale, na najivunia mwanangu vilevile.

Mbusu Salma kwa niaba yangu, na akianguka mlaze ubavu. Narudi Jumamosi na kuku wako.

Dadako,
Mama Rukia