Timu ya Baba Imenunuliwa

Adungosi, Jumapili

Kaka Otukei,

Huku tuko sawa, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Tajiri mmoja wa malori kule Malaba amenunua timu aliyoanzisha baba. Ameleta jezi mpya, basi la wachezaji, hata viti vya plastiki, na mimi huketi mbele karibu naye. Lakini alifuta jina la Ekisil ambalo baba aliipa timu, akaweka la kampuni yake. Nilinuna wiki mbili, hata chai yake nikakataa.

Jana tulicheza na vijana wa Budalang'i. Dakika ya mwisho tukafunga. Tajiri akaruka mpaka kofia ikaanguka, akipiga kelele, "Ekisil! Ekisil!" Kisha akaniona, akacheka kwa aibu.

Nilimwokotea kofia. Chai nikanywa vikombe viwili.

Dada yako,
Akwii