Kilichokuwa Kinakula Betri

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafanya jambo la kujutia. Tuna gari moja kuukuu, ninalotumia kwenda kazini, na tangu mwaka jana likilala tu, asubuhi betri haina kitu, na kila mara mume wangu ananiambia nimeacha taa, nimeacha redio, mwanamke gani asiyejua hata kuzima gari, mpaka watoto wakaanza kuniita Mama Taa, nami nikaamini kweli kichwa changu kibovu. Asubuhi moja hospitali walipopiga simu kwamba mama yangu aliyelazwa ananiulizia, nilizungusha ufunguo, gari likagoma, nikahangaika na majirani kulisukuma, na nilipofika wodini shuka zilikuwa zimeshatolewa kitandani. Msibani mume wangu aliwaeleza kaka zangu, watu wakisikia, kwamba ningemkuta mama hai kama si uzembe wangu, nami nikainamisha kichwa.

Juzi nikalipeleka kwa fundi umeme bila kumwambia mtu. Alizima kila kitu, akafunga mita kwenye betri, akawa anachomoa fyuzi moja moja aone umeme unaovuja utapungua wapi, haukupungua hata alipozimaliza, akasema basi kuna waya uliopita njia yake bila kupitia kwenye fyuzi, akaufuata hadi nyuma ya dashibodi, akatoa kidude cheusi chenye laini ya simu ndani. “Mama, hiki cha kufuatilia gari mlifunga wenyewe? Kimeungwa vibaya, hakilali, ndicho kinachokula betri.” Waya ulikuwa umezungushiwa utepe wa bluu, uleule mume wangu aliofungia waya wa pasi yetu. Nikajikuta nasema, “Kirudishe kama kilivyokuwa.” Dada yangu anasema mwanamume anayekuchunga anakupenda, ninyamaze. Jana gari limegoma tena na nimetukanwa tena. Nifanyeje?

Mama Taa wa kusingiziwa

Kwanza hilo jina likome leo. Pole kwa mama yako, naisema kwa moyo wote, na sasa acha nikugombeze. Ulikirudisha ili nani asiudhike? Yule aliyekufuatilia kama mwizi, akajua fika kuna kitu amekiunga humo ndani, akakuacha ubebe msiba na lawama pamoja? Usiniambie huenda hakujua. Mtu akiunga waya kwa siri halafu gari likaanza kufa kila asubuhi, anajua pa kutazama, ila kukutukana kulikuwa rahisi zaidi. Dada yako naye, kama anaona hayo ni mapenzi, mwambie akafungiwe kidude chake.

Sasa sikiliza. Chagua siku mumeo yuko nyumbani, mchana, uwaite kaka zako waje kunywa chai, na fundi aje na mita yake. Gari likaguliwe upya mbele ya wote, fyuzi moja moja, usimharakishe. Kidude kikitoka, fundi atauliza ni cha nani. Hapo funga mdomo, umeshambebea mumeo ya kutosha. Kama utaendelea kuishi naye au utafungasha, utaamua baadaye ukiwa umetulia, na ukiamua kuondoka mimi sitakushangaa. Lakini siku hiyo asinyanyuke kwenye kiti kabla hajawaambia kaka zako, kwa mdomo uleule wa msibani, kwa nini gari halikuwaka asubuhi ile.