Jirani Akipiga Hodi

Wanangu, nimewahi zamu ya kufua mashuka hospitali. Maharage yapo jikoni, yapasheni moto. Nawieni sabuni, na wewe kitindamimba, maji matupu hayanidanganyi.

Asubuhi jirani yetu fundi cherehani alipiga hodi, ametuletea barakoa. Mdomo kwa mazoea ukasema, "Karibu." Alipoinua mguu nikaruka nyuma kama nimeona nyoka. Akaziacha kizingitini, akaondoka. Na huyu ndiye aliyekuwa akiingia kabla hujamwitikia, akakaa mpaka chai ya pili.

Sikumwogopa yeye. Niliogopa nisimwambukize.

Akija tena mwambieni ~~mama hayupo~~ karibu, mumtolee kigoda uani, nanyi mbaki mlangoni. Kile kiti chake cha sebuleni asikikalie mtu.

Mama yenu