Bosi Wangu Ni Mimi

Kwako mke wangu mdogo, mjukuu unayesomea sheria,

Babu mzima, na bado hajazaliwa wa kunishinda kung'arisha sakafu. Ya hoteli hapa nimeisugua mpaka paka kaona sura yake, akakimbia.

Sasa nina swali. Meneja aliniahidi kazi kila siku, mpishi akisikia. Siku hizi ananiita Jumatatu tu. Nikamuuliza, akacheka: "Mzee, wewe siyo mwajiriwa. Wewe mkandarasi, bosi wako ni wewe mwenyewe."

Basi nikafurahi! Jumatatu iliyofuata nikajipa ruhusa, nikaenda kusugua duka la jirani. Meneja akanifuata mbio.

"Nani kakuruhusu?"

"Bosi wangu."

"Bosi gani?"

Nikajipiga kifua. "Huyu hapa."

Akanikokota mkono hadi hotelini, mpishi hoi kwa kicheko.

Hebu niambie, bosi gani huyu anayekokotwa? Na ahadi ya mdomo, sheria inaisikia?

Nijibu upesi, ila usimwambie bibi yako. Kila asubuhi ananifungia chakula cha kazini, nami siku nisizoitwa nakaa kituo cha basi, nakila polepole mpaka jioni.

Ni mimi mumeo, bingwa wa sakafu.