Gari la Harusi Yetu na Kuanguka kwa Mzee Spana

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada
Umri: miaka 24
Elimu: kidato cha nne
Kazi: mshonaji wa mapazia
Makazi: chumba na sebule nyuma ya maduka ya samani, pamoja na mumewe
Uhusiano na mtuhumiwa: mke

Nimeelezwa na afisa kwamba, kwa kuwa mtuhumiwa ni mume wangu, silazimiki kusema lolote juu yake. Nimeelewa. Nimechagua kusema kwa hiari yangu.

Mimi na mume wangu tulioana tarehe 3 mwezi huu. Naomba iandikwe kwamba ni mume mwema. Asubuhi naamka nakuta chai imeshachemka. Akiwa kazini hunipigia simu kuniuliza kama nimekula, utafikiri mimi ni mgonjwa. Akinitazama nikiwa kwenye cherehani nakosea mshono. Sijawahi kumsikia akipaza sauti ndani ya nyumba. Afisa ameniambia nijikite kwenye tukio. Ninajikita, ila tukio lenyewe halieleweki bila harusi, kwa sababu ugomvi wote umetokana nayo.

Gari alilinunua miezi minne kabla hatujaoana, kwenye yadi ya magari iliyo mkabala na kituo cha mafuta. Alipewa waranti ya injini ya miaka miwili. Siku ya harusi wifi zangu walilipamba kwa riboni nyeupe kuanzia kwenye boneti hadi kwenye taa za nyuma. Walitaka kutafuta dereva, mume wangu akakataa. Alisema, "Mke wangu namchukua mwenyewe, nisije nikaambiwa nimeletewa." Watu walicheka, hata mpiga picha akashindwa kushika kamera sawasawa. Furaha niliyokuwa nayo siku ile sina namna ya kuieleza hapa kituoni.

Mnamo tarehe 12 tulikuwa njiani kwenda kuwasalimia wazazi wangu. Taa ya oili iliwaka ghafla. Kabla hajapata pa kuegesha, injini ilianza kugonga kama mtu aliyefungiwa chumbani anayetaka kutoka, kisha ikazima. Alijaribu kuiwasha tena, haikuzunguka. Alisema, "Imenoki," akaweka kichwa kwenye usukani. Nilimpapasa mgongo. Gari lilivutwa hadi yadi jioni ileile.

Wiki iliyofuata fundi mkuu wa yadi, ambaye wote humwita Mzee Spana, aliifungua injini mbele yetu. Alitukabidhi pampu ya oili tuishike, ilikuwa imekatika ndani. Alisema, "Hii imekufa yenyewe, wanangu. Hamna kosa. Nendeni mkaendelee na fungate yenu, meneja nitaongea naye mimi." Tulirudi nyumbani kwa miguu tukiwa tumeshikana mikono njia nzima.

Jana, tarehe 28, saa nne asubuhi, tuliitwa yadi. Meneja alitupokea ndani ya karakana, pembeni ya gari letu. Alitoa simu yake akatuonyesha picha ya gari hilo likiwa na riboni, aliyoiona kwenye ukurasa wa mpiga picha. Alisema, "Mmelikodisha kwa watu wa harusi. Waranti haihusu gari la biashara."

Nilimwambia, "Bibi harusi huyo ni mimi." Kwenye picha sura yangu haionekani, nilikuwa nimeinama nikiingiza shela ndani ya gari.

Meneja alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Alisema, "Shemeji, siku hizi kila mtu ni bibi harusi. Hata wa kukodi wapo."

Mmoja wa mafundi alicheka. Mume wangu alimwendea meneja. Mzee Spana, aliyekuwa akifuta mikono kwa tambara, aliingia katikati akasema, "Mwanangu, achana naye, haya yataisha." Mume wangu alimsukuma kifuani kwa mikono miwili. Mzee Spana alirudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye jeki, akauangukia mkono wake wa kulia. Nilisikia mfupa ukivunjika. Sakafu pale ilikuwa kavu.

Aliyepiga magoti wa kwanza ni mume wangu. Alisema, "Mzee, si wewe. Sikuwa nakufuata wewe." Mzee Spana alijibu, "Najua. Lakini mkono ni wangu."

Polisi walipomchukua mume wangu, meneja alinifuata nje ya geti. Alisema, "Shemeji, tusifikishane mbali. Nyinyi sahauni habari ya injini, na mimi nitasema mzee aliteleza kwenye oili. Wewe sema hivyohivyo, jioni mumeo yuko nyumbani." Nilimuuliza matibabu ya Mzee Spana yatakuwa ya nani. Alisema, "Akiteleza ni uzembe wake mwenyewe. Kampuni haihusiki."

Mchana mama mkwe, niliyekuwa nimemweleza aliyoyasema meneja, alinipigia simu akilia. Alisema, "Mwanangu, kuteleza ni neno dogo tu. Litamke, mtoto wangu arudi." Nampenda mama mkwe, na sauti yake bado iko masikioni mwangu.

Jioni nilikwenda hospitali. Mzee Spana alikuwa amefungwa plasta hadi juu ya kiwiko, mkewe akimlisha kwa kijiko. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Yeye ndiye aliyeanza kuongea. Aliniuliza, "Gari lenu limefikia wapi?"

Usiku nililala upande wangu wa kitanda, ule mwingine nikauacha kama ulivyo.

Kwa hiyo nasema, Mzee Spana hakuteleza. Alisukumwa, na aliyemsukuma ni mume wangu. Hakumkusudia yeye, alikasirishwa na maneno niliyotukanwa mimi. Nasema pia kwamba gari hatujalikodisha kwa mtu yeyote, na habari ya injini hatutaiacha.

Nimeeleza niliyoyaona kwa macho yangu. Sijaongeza la kumwokoa wala la kumponza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Tarehe 29, saa tatu na nusu asubuhi

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, amekiri ni sahihi. Nilipofika kwenye neno "alimsukuma" aliniomba nisimame kidogo. Nilimuuliza kama anataka libadilishwe, akasema hapana, niendelee. Mtuhumiwa alikuwa bado hajaandikisha maelezo yake, hivyo ombi la shahidi la kumwona nimelikataa. Aliomba nimfikishie ujumbe huu: "Mwambie nimeshausema ukweli, na yeye asiogope kuusema. Sijaondoka, nipo kwenye benchi hapo nje." Ujumbe umefikishwa saa nne kasorobo. Mtuhumiwa aliomba aandikishwe maelezo yake.